Aliyebadilisha Tangi

Sajini Rokiah Embong alivua viatu kabla ya kushuka tena kwenye boti ya Misi Kelsum. Mara ya kwanza alishuka kama askari, akatazama alichotumwa kutazama: tangi jekundu la petroli, jipya, kubwa, mahali ambapo juzi tu palikuwa na dogo. Safari hii alitaka kuitazama boti kwa macho ya yule mtu aliyeifanyia kazi.

Ilikuwa boti ndogo ya tanga, ya kuchukua watu wanne wakibanana, na mashine ya kusukumia imening'inizwa nyuma upande wa kulia. Ilikuwa imefungwa kwa mnyororo kwenye gati la polisi wa majini la Kuala Terengganu, na mnyororo wenyewe ulionekana mzito kuliko boti.

"Sajini, unatafuta nini tena?" Inspekta Lokman alimwita kutoka juu ya gati, kikombe cha kahawa mkononi. "Tangi si hilo hapo mbele yako?"

"Tangi nimeliona, Tuan. Namtafuta aliyeliweka."

"Baada ya sala ya adhuhuri lori linakuja kuibeba boti kupeleka makao makuu. Ikishafika kule, kuitoa ni mwaka mzima. Fanya haraka."

Kisa chenyewe kilikuwa kifupi. Wiki iliyopita duka la wapiga mbizi katika kisiwa cha Gelam lilivunjwa, yakaibwa matangi matatu mekundu makubwa. Petroli ya bei nafuu ya pwani hiyo huuzwa kwa magendo baharini, kwa meli za kigeni, na kila tangi kubwa linaloonekana kwenye boti ndogo huulizwa maswali. Kisha Misi Kelsum akarudi kutoka harusi ya binamu yake Kuala Berang, akafungua boti yake, akakuta tangi lake dogo limebadilishwa. Hakunyamaza. Alikwenda kwenye kibanda cha keropok, vile vibanzi vya samaki vya kukaanga, akatangaza mbele ya watu wote kwamba kuna mtu ameingia kwenye boti yake bila ruhusa, na badala ya kuiba, ameacha kitu. Kabla ya jioni habari zilikuwa zimefika kituoni.

Misi mwenyewe alikuwa ameketi kwenye benchi la gati, kisanduku cha barafu mapajani. Watu wa pwani ile humwita muuguzi Misi, na yeye waliendelea kumwita hivyo hata baada ya kustaafu. Ndani ya kisanduku kulikuwa na insulini na vitambaa vya kufungia vidonda. Watalii wakishaondoka Gelam, boti za abiria hazivuki tena ila kwa nadra, na wazee wa kule hawana mwingine wa kuwapelekea dawa.

"Bibi Nab wa Gelam mguu wake unataka kusafishwa leo," alisema Misi, bila kumtazama mtu. "Si kesho. Leo. Kama mnaninyima boti, nipeni nyingine."

"Misi, ingekuwa mimi ningekuachia sasa hivi," alisema Inspekta.

"Si ndiyo wewe?"

Inspekta alikohoa. "Nikikuachia hivi hivi, watasema Lokman kamlipa mkunga wake. Mama yangu kila Idi anasimulia jinsi ulivyonishika miguu kichwa chini. Nusu ya askari wa kituo hiki wamezaliwa mikononi mwako."

"Na wewe ulichelewa kulia," alisema Misi. "Nilikupiga makofi mawili. Naona ningeongeza la tatu."

Askari aliyekuwa akiosha gati alicheka, akajifanya anakohoa.

Rokiah aliinama juu ya tangi. Kazi yake ilikuwa kuuliza, na kawaida huanza kwa kuuliza nani alikuwa na kinyongo na mtu. Hapa alihitaji kuuliza kinyume chake, na hilo lilimpa shida kubwa zaidi. Tangu asubuhi alikuwa amewahoji watu sita pembeni mwa mto, na kila mmoja alikuwa na sababu ya kumpenda Misi. Muuza keropok alikuwa na mapacha. Mwenye duka la nyavu alitibiwa kidonda cha kichwa. Imamu alikuwa na mjukuu. Muuza keropok ndiye peke yake aliyemwona mtu mwenyewe: mwanamume wa makamo, kofia ya majani, anafanya kazi kwenye boti saa za asubuhi watu wakipita, anapiga mluzi. "Nilidhani ni fundi kaitwa," alisema. "Hata vipande vya keropok alinunua kwangu. Mwizi gani ananunua keropok?"

Rokiah aligusa vitu kimoja kimoja. Tangi halikuwekwa nyuma, chini ya kiti, lilipokuwa la zamani. Lilikuwa limesogezwa katikati ya boti, upande wa kushoto.

"Kwa nini hapa?" alijiuliza kwa sauti.

"Mashine iko kulia," alijibu Misi kutoka benchini. "Mimi mwenyewe hukaa nyuma. Angeliweka nyuma, likijaa, boti ingekaa kitako kama bata. Hapo lilipo linasawazisha."

"Kwa hiyo anajua boti."

"Anajua hii."

Rokiah alimtazama. "Shuka, Misi. Kaa kama unavyokaa ukitaka kuwasha."

Misi alimpa askari kisanduku, akashuka taratibu, akaketi. Mkono wake wa kulia ulinyooka wenyewe ukaangukia kile kidude cha mpira kinachobinywa ili petroli ipande kwenye mashine. Hakukitafuta. Kilikuwa pale pale mkono ulipokomea. Mpira wa mafuta ulikuwa mpya, mrefu kuliko wa zamani, umepitishwa ubavuni mwa boti kwa vishikizo ili mguu usiukanyage.

"Zamani kilikuwa wapi?"

"Kushoto, chini kule." Misi alijaribu kuinua mkono wa kushoto, ukaishia usawa wa mbavu. "Bega hili limekufa tangu nianguke ngazi za kliniki. Nilikuwa nakibinya kwa mguu."

"Kwa mguu?"

"Kwa kisigino. Usinicheke, mwanangu."

Rokiah hakucheka. "Nani amewahi kukuona ukibinya kwa kisigino?"

"Niliowabeba, labda. Lakini mgonjwa hatazami miguu ya mtu. Mgonjwa anatazama mbingu."

"Basi si mgonjwa," alisema Rokiah. "Ni mtu aliyekuja na mgonjwa. Mzima, ameketi mkabala nawe, macho yake yako chini kwa hofu."

Juu ya gati Inspekta alikuwa ameacha kunywa kahawa.

"Tuan, tazama na hili." Rokiah alifungua kisanduku cha chini ya kiti. Tangi dogo la zamani lilikuwa humo, limeoshwa, limefutwa, limefungwa kamba. "Ameacha la akiba. Na hapa linapochomekwa mpira: wapiga mbizi wa Gelam mashine zao zote ni za aina nyingine, kiungio chao hakiingii kwenye mpira huu. Kama tangi hili ni lao, lazima kiungio kimebadilishwa. Angalia pembe zake. Hakuna alama ya spana hata moja. Kimetoka kiwandani hivi."

"Wakili atasema mwizi ana spana nzuri."

"Ndiyo maana nataka jina."

Alikuwa ameinamia kitako cha mbao kilichoshika tangi. Hapo ndipo alipochelewa zaidi. Kilikuwa kimechongwa kufuata umbo la tangi lenyewe, kona kwa kona, na hakikuwa na msumari wala skrubu. Mbao zilishikana kwa gundi na meno yaliyoingiliana, laini hata ukucha haukukwama. Rangi yake ilikuwa ya manjano kama bizari. Alilegeza kabari, akakitoa, akakifunga kwenye gazeti.

"Nakwenda Duyong," alisema, akavaa viatu.

Wajenzi wa vyombo wa Duyong wako ng'ambo ya daraja, na mmoja wao, Pak Jusoh, alikuwa anapiga pamba kwenye mianya ya jahazi la mtu wa Singapuri Rokiah aliposimama mbele yake. Alikipokea kitako, akakigeuza, akakinusa.

"Nani amekwambia hiki ni cha hapa?"

"Sijasema. Nauliza."

"Hapa tunajenga kwa cengal, Sajini. Mbao inayovunja msumeno. Huu ni mfenesi! Mfenesi ni wa kula matunda. Nikijenga chombo kwa mfenesi, mke wangu mwenyewe atanikimbia."

"Lakini kazi ni nzuri."

"Kazi ni nzuri," alikubali kwa kinyongo, akapitisha kidole kwenye ukingo. "Nzuri kupita kiasi. Huyu hajachonga kwa tezo. Amekwangua kwa kisu kidogo, taratibu, kama mtu anayetaka kitu kitoe sauti." Akasimama hapo hapo. "Gambusi. Magambusi ya kwetu huchongwa kwa mfenesi."

"Nani anachonga gambusi siku hizi?"

"Marang kulikuwa na mzee, haoni tena. Mwingine ni Deraman, wa Gelam. Alihama kisiwani mke alipojifungua, sasa yuko Losong, nyuma ya kiwanda cha samaki. Kwani kafanya nini? Mtu mpole yule."

"Huyo mpole ndiye ninayemtafuta," alisema Rokiah.

Nyumba ya Deraman ilisikika kabla ya kuonekana: mtu alikuwa anajaribu uzi mmoja, anaukaza, anaujaribu tena. Alikuwa amekaa barazani, mwanamume wa makamo, vumbi la manjano limemjaa magotini. Kofia ya majani ilikuwa imetundikwa mlangoni. Kitoto cha kike kilikuwa kinaburuta kifuu cha nazi kwa kamba sakafuni.

Rokiah alitoa salamu, akaitikiwa. Kisha akafungua gazeti, akakiweka kitako cha mbao kati yao. Deraman alikitazama, akauweka uzi chini.

"Kimelegea?" aliuliza.

"Hakijalegea. Ni chako?"

"Ni changu." Hakukawia hata kidogo. "Sajini, Misi ameanguka? Tangi limemwangukia?"

"Misi yuko salama. Boti yake imefungwa mnyororo. Wanasema tangi ni la wizi."

Deraman alisimama, akaketi, akasimama tena. Mkewe, Saadiah, alitokea mlangoni na mwiko wa wali wa nasi dagang mkononi.

"Nilikwambia," alisema mkewe. "Nilikwambia mpelekee mchana kweupe kama watu."

"Nilikwenda mchana kweupe!"

"Akiwa hayupo!"

"Akiwepo angelikataa!" Deraman alimgeukia Rokiah. "Sajini, humjui yule. Nilimpelekea kuku, akamrudisha. Nikampelekea kitambaa cha songket, kikarudi kimekunjwa vizuri kuliko nilivyokikunja mimi. Anasema serikali ilimlipa mshahara, yatosha. Nikaona bora nimfungie kitu kwenye boti. Kitu kilichofungwa hakirudishwi kwa posta."

"Kwa nini tangi?"

Deraman alimtazama mtoto. Mkewe ndiye aliyeanza.

"Huyu Bahariah kazaliwa ndani ya boti ile. Uchungu ulinianza Gelam kabla ya siku zake, mtoto kakaa vibaya. Misi alikuwa kaja na dawa zake. Akasema twende bara, sasa hivi. Upepo ukafa tukiwa katikati."

"Akawasha mashine," alisema Deraman, "na lile tangi dogo, alilokuwa amevukia wakati wa kuja, likaisha. Nililitikisa. Nililigeuza. Nililiombea kwa Mungu. Tanga limelala, bara inaonekana, na hatuendi. Misi akateremsha tanga akalifanya kivuli, akamzalisha pale pale. Damu ikawa haikomi." "Tukafika, Alhamdulillah. Tangu siku ile kila nikiona chombo kinapita naona tangi lile tupu. Nikasema, huyu mama hataishiwa tena. Angalau hilo."

"Tangi ulipata wapi?"

"Kwa Tauke Guan, mwenye duka la vifaa vya boti mjini. Mwanawe anajifunza gambusi. Nilimpa gambusi, akanipa tangi, mpira na viungio vyote vya mashine ya Misi. Nilimweleza ni ya aina gani."

"Nitamuuliza. Na wewe utakuja gatini useme haya mbele ya Inspekta."

"Niandike jina, nifunge, vyovyote. Lakini Misi asijue."

"Pak Deraman, ukija gatini atakuona. Yuko benchini."

"Basi Inspekta asimame mbele yangu," alisema, na alionekana kumaanisha kabisa.

Duka la Tauke Guan lilikuwa njiani. Rokiah alimkuta anapima kamba, na gambusi jipya la manjano limetundikwa juu ya kichwa chake, katikati ya makoti ya kujiokolea.

"La Deraman," alisema Tauke kabla hajaulizwa. "Nimempunja, Sajini. Lile gambusi lina thamani ya matangi matatu. Nilimwambia, akasema tangi moja latosha, Misi ana bega bovu, halitaki uzito."

"Ulimwuzia mtu mwingine tangi kama lile mwezi huu?"

"Tangi, hapana."

Rokiah alikuwa ameshageuka. Akarudi. "Tangi hapana. Na nini ndiyo?"

"Viungio. Yule kijana mnene wa vizimba vya samaki kule mlangoni mwa mto. Alinunua viungio vya tangi vitatu kwa mpigo, na hakununua tangi hata moja. Nikashangaa, mtu ana mashine moja, anataka vitatu vya nini?"

Rokiah aliinua simu pale pale dukani. Inspekta alisikiliza, akauliza swali moja tu, vizimba vya upande gani, kisha ukasikika mguu wa mtu anayekimbia kuelekea boti ya doria.

Rokiah alipofika gatini na Deraman nyuma ya pikipiki, na Saadiah na mtoto kwenye teksi nyuma yao, lori la makao makuu lilikuwa tayari limeegeshwa, dereva anakula. Boti ya doria ilikuwa inarudi. Matangi matatu mekundu yalikuwa yamepangwa juu yake, yamelowa, yananuka samaki, kila moja na kiungio kipya kilichokwaruzwa na spana. Yule kijana mnene alikuwa amekaa katikati yao, ameinamisha kichwa.

"Yalikuwa chini ya nyavu," alisema Inspekta, akiruka gatini. Akamkabidhi Rokiah ufunguo wa mnyororo mbele ya watu wote. "Fungua mwenyewe. Asante, Sajini. Mama yangu angenifukuza nyumbani."

Deraman alikuwa amejipanga vizuri nyuma ya mgongo wa Inspekta, kama alivyokusudia. Lakini Inspekta alisogea kuwapisha askari na yule kijana mnene.

Misi alimwona. Akamwona na Saadiah, na mtoto, na kitako cha mbao kwenye gazeti mkononi mwa Rokiah. Alisimama, akaja mpaka mbele yake.

"Ni wewe."

"Nisamehe, Misi. Najua hupokei vitu vya watu. Nitalitoa."

"Nionyeshe mikono."

Deraman hakuelewa. Misi alimshika vifundo vya mikono, kimoja kimoja, kwa mkono wake mzima, akavigeuza viganja juu. Katikati ya kila kiganja ngozi ilikuwa imeng'aa, nyororo, ya rangi tofauti, imekunjamana kama karatasi iliyoloa ikakauka.

"Inspekta, njoo uone," alisema Misi. "Hawa wamekusimulia nini? Kwamba mafuta yaliisha, nikamzalisha mama, tukafika?"

"Ndivyo, Misi," alijibu Rokiah badala yake.

"Tulifikaje? Upepo hakuna, petroli hakuna. Nilikuwa na kasia moja tu, limepasuka mpini, la kusukumia boti gatini. Mikono yangu yote miwili ilikuwa kwa Saadiah. Damu inatoka, nikiachia anakwisha. Sikuweza hata kugeuza kichwa. Nilikuwa nalisikia lile kasia tu nyuma yangu. Nikasema moyoni, likisimama, huyu mwanamke ananifia mikononi. Halikusimama. Tulipogusa mchanga nikageuka, nikaona mpini mwekundu." "Mchonga gambusi. Hakushika kisu mpaka mwaka ukageuka. Nilikwenda Gelam kumshukuru, nikaambiwa wamehama. Nikatumiwa kuku. Nikamrudisha, kwa sababu niliona haya. Yeye ndiye wa kunitumia kuku mimi?"

Dereva wa lori alikuwa ameacha kutafuna.

"Kwa hiyo tangi silirudishi," alisema Misi. "Nimelipokea, Deraman. Nashukuru. Na kwa siku ile nashukuru, na nimechelewa sana kusema."

Saadiah ndiye aliyemjibia: alimbeba Bahariah akampa Misi, na mtoto akamshika pua.

Rokiah alishuka kwenye boti, akakirudisha kitako mahali pake, akaliketisha tangi juu yake, akakaza kabari, akachomeka mpira. Ulishika kwa mlio mdogo. Akauvuta kuhakikisha, akafungua kitundu cha hewa juu ya kifuniko, kisha akafungua mnyororo. Misi alishuka, akapokea kisanduku chake cha barafu, akakipanga miguuni. Mkono wake wa kulia ulikwenda wenyewe kwenye kile kidude cha mpira, ukakibinya mpaka kikawa kigumu. Mashine ilishika mara ya kwanza alipovuta kamba.

"Deraman!" aliita juu ya mlio. "Bibi Nab mguu wake unataka mtu wa kuushika nikisafisha. Una kazi leo?"

Deraman alimtazama mkewe.

"Nenda," alisema Saadiah. "Nenda, nasi dagang nitawawekea."

Akavua ndara zake, akashuka, akaketi mkabala na Misi, upande ule ule wa siku ile, na boti ikatoka gatini ikielekea Gelam.